Mazoezi kwa watumishi wa chuo: anzeni na ratiba, jimu itafuata

MpangaRatiba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale waliokabidhiwa kazi ya "kuhamasisha afya na mazoezi kwa watumishi" chuoni: kamati za ustawi, ofisi za utumishi, idara za michezo, zahanati za vyuo. Mara nyingi kazi hiyo huja na barua ya nusu ukurasa na fungu la kununua vifaa. Naweka msimamo wangu mapema ili tubishane vizuri: kifaa cha kwanza ni ratiba. Chuo kikinunua mashine kumi za kukimbilia bila kutenga saa ambayo mtu anaweza kuondoka mezani asitafutwe, mashine hizo zitatumiwa na walewale waliokuwa wakikimbia tangu zamani.

Lengo lenyewe halina utata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo mawili, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa siku 2 au zaidi. Mwongozo wa 2010 ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10. Sharti hilo liliondolewa 2020, na kwa chuo hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa siku ya mhadhiri imekatika vipandevipande: dakika sita hapa, nane pale, kati ya darasa na ofisi.

Ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Makali ni pale unaposema maneno machache na kukatika pumzi. Kwa kutembea, hatua 100 kwa dakika ndiyo alama inayotumika sana. Mtu ahesabu hatua zake kwa sekunde 15. Zikifika 25, mwendo umetosha.

Sasa ratiba. Ingieni kabla ratiba ya muhula haijapangwa. Vyumba na walimu vikishagawanywa, hakuna saa itakayopatikana, mtaambiwa "muhula ujao" mpaka mchoke. Chukueni ratiba ya muhula uliopita, chora jedwali la siku na saa, kila kisanduku kiandikwe idadi ya watumishi walio darasani, kwenye maabara au kwenye vikao vya kudumu. Tafuteni saa mbili zenye namba ndogo, siku tofauti, moja ya asubuhi au mchana na nyingine ya jioni. Vipindi vyote hamtaweza kuviondoa, ila vikao vinaondoka. Kinachohitajika ni waraka wa naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, wenye sentensi moja tu: saa hizi mbili hakuna kikao kinachoitishwa. Usainiwe na yeye. Waraka wa kamati ya ustawi hauna meno.

Saa moja ya ratiba inabeba dakika 50 za kweli: 5 za kufika, 5 za kupasha mwili, 25 za kazi, 5 za kupoa, 10 za kujifuta na kurudi. Hizo 10 za mwisho ndizo husahaulika, na ndizo zinazomfanya mtu mwenye kipindi kinachofuata asije tena.

Msianze wiki ya usajili wala wiki ya kwanza ya masomo. Wiki ya tatu ndiyo nzuri, mizunguko iwe ya wiki 8, na mtoke kabla ya mitihani. Wakati wa kusahihisha, punguzeni hadi kipindi cha dakika 10 palepale penye meza za kusahihishia.

Naomba kuwasilisha. Wenye nondo zao karibuni.

---

ChakiNyeupe

Mkuu, ratiba nakubali. Ila tatizo lililozoeleka liko palepale: wiki ya kwanza ukumbi umejaa, wiki ya tano wamebaki saba, na kati ya hao saba watatu ni wa idara ya michezo. Kamati inaandika "programu imefanikiwa" na kuambatanisha picha ya wiki ya kwanza.

---

Kihesabuhesabu

Chaki umegusa penyewe. Na kuna jaribio kubwa lililofanyika chuoni kabisa linalolithibitisha.

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Illinois, tawi la Urbana-Champaign, Marekani, kilianzisha programu ya ustawi kwa watumishi wake. Waliojitokeza, karibu 5,000, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaingizwa kwenye programu, wengine wakaachwa nje ya programu. Ilikuwa na upimaji wa afya, dodoso la mtandaoni, shughuli mbalimbali na malipo ya kushawishi watu washiriki. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakuonyesha tofauti ya maana katika gharama za matibabu, siku za kuugua wala kwenda jimu. Vilivyopanda ni idadi ya waliowahi kupimwa afya, na imani ya watumishi kwamba uongozi unajali afya zao.

Sehemu inayotuhusu zaidi ni hii. Walipowalinganisha walioshiriki na waliokataa, bila kutazama bahati nasibu, walioshiriki walionekana na afya bora na gharama ndogo. Walikuwa hivyo kabla programu haijaanza. Kwa hiyo kamati inayolinganisha "wanaohudhuria" na "wasiohudhuria" inajipima yenyewe kwa mizani iliyopinda.

Fanyeni hivi badala yake:

Namba ya chini ya sehemu iwe watumishi wote wa chuo. Tuseme wako 240, wamejiandikisha 60, wiki ya nane wanahudhuria 30. Ripoti nyingi zitaandika "asilimia 50 wamebaki". Ukweli ni kwamba mmefikia asilimia 25 ya watumishi na mnao asilimia 12.5.

Halafu ulizeni swali la pili: kati ya wale 60, wangapi hawakuwa wakifikia dakika 150 walipojiandikisha? Kama ni 15, basi programu yenu inahudumia watu 15, na 45 waliobaki mmewapa tu mahali pazuri zaidi pa kufanyia walichokuwa wakifanya. Si vibaya, ila liandikwe.

Dodoso liwe la maswali mawili. Siku ngapi katika wiki iliyopita ulifanya mazoezi ya kukufanya upumue kwa kasi zaidi? Siku kama hiyo, dakika ngapi? Zidisha. Watu hujipendelea wanapojibu, hilo halikwepeki, lakini upendeleo huo haubadiliki sana ukiuliza kwa maneno yaleyale na katika wiki ileile ya muhula. Ukiuliza mara ya kwanza wiki ya tatu na mara ya pili wakati wa mitihani, umepima kalenda.

Na kama uongozi una nia ya kujua kama kitu kinafanya kazi, msiwaanzishe wote pamoja. Pigeni kura kwa idara: nusu zianze muhula huu, nusu muhula ujao. Hakuna anayenyimwa, na mnapata kundi la kulinganisha bila gharama.

---

ZamuYaUsiku

Nimesoma mpaka hapa. Mhadhiri, mhadhiri, mhadhiri. Chuo kina wahudumu wa usafi, walinzi, wapishi, madereva, watunza bustani, wasaidizi wa maabara. Hao ndio wanaoachwa kila mara, halafu mnashangaa namba haipandi.

Mhudumu wa usafi hahitaji shindano la hatua. Hatua anazo. Mwili wake unachakazwa na kuinama, kubeba na kurudia tendo moja saa nzima bila kupumzika. Kazi nzito ya namna hiyo haimpi moyo na mapafu faida ileile anayopata mtu anayetembea kwa hiari nusu saa kisha akapumzika: inachukua saa nyingi mno, mara nyingi ni ya kubeba na kuinama, na mapumziko hayapo. Kwa hiyo "ustawi" wake unaanzia kwenye vifaa. Mpini wa kupigia deki ufike kati ya kidevu na macho, anayetumia asimame wima. Ndoo iwe na magurudumu. Isijazwe: lita 10 za maji ni kilo 10 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Msimamizi apange kazi zibadilike kila dakika 45 hadi 60, kutoka ya kuinama kwenda ya kusimama wima, kutoka ya mkono ulioinuliwa juu kwenda ya mkono wa chini.

Mazoezi yake yawe ya dakika 10 mwanzoni mwa zamu, ndani ya muda unaolipwa: kuzungusha mabega, kuinama kwa kukunja nyonga huku mgongo umenyooka, kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, kunyoosha misuli ya nyuma ya paja. Ukiyaweka mwisho wa zamu amechoka na ana safari ya kurudi nyumbani, atakwenda zake.

Mlinzi anayesimama anahitaji kiti kirefu cha kuegemea na ruhusa ya kukitumia. Ruhusa ndiyo ngumu kuliko kiti. Kila saa apandishe na kushusha visigino mara 15, mizunguko miwili, damu isituame miguuni. Wa zamu ya usiku msimwitie kipindi cha asubuhi anapotoka. Anachohitaji hapo ni usingizi. Mpeni dakika zake mwanzoni mwa zamu.

Na jambo linalosahaulika kabisa: vyuo vingi vimekodi usafi na ulinzi kwa makampuni. Watu hao hawapo kwenye orodha ya ofisi ya utumishi, kwa hiyo hata zile 240 za Kihesabuhesabu hawamo. Kipengele cha dakika 10 za mwanzo wa zamu kiingizwe kwenye mkataba wakati wa zabuni. Baada ya kusaini, mkandarasi atasema hakikuwa kwenye bei, na atakuwa na haki.

---

MpangaRatiba

Nakazia ya mkandarasi. Kipengele hicho kiandikwe kwa dakika na zamu, kisiandikwe "mkandarasi atajali ustawi wa wafanyakazi wake". Sentensi hiyo ya pili hakuna anayeweza kuisimamia.

---

Mlumbi

Zamu, hapo umenipa shaka. Utafiti mashuhuri kabisa wa mazoezi na moyo unahusu watu walio kazini. Jerry Morris na wenzake, mwaka 1953, mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa kutwa walipata ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Ile nayo ni kazi, na iliwalinda.

---

Kihesabuhesabu

Mlumbi, endelea na hadithi yao. Mwaka 1956 Morris na wenzake walirudi na takwimu za sare: madereva walivaa suruali za kiuno kipana kuliko makondakta wa umri uleule. Maana yake sehemu ya tofauti huenda ilitokana na nani alikuwa anachukua kazi gani. Ni mtego uleule wa Illinois, miaka sitini kabla. Kwamba mwendo unalinda moyo kumethibitishwa kwa njia nyingine nyingi baadaye, hatubishani hapo. Lakini kondakta alikuwa anapanda ngazi, anatulia, anapanda tena. Hilo na kupiga deki kwa kuinama saa sita si kitu kimoja.

---

MuuguziWaZahanati

Naongeza upande wa usalama, maana kamati hukumbuka zahanati siku mtu akianguka.

Kila anayejiandikisha ajaze fomu fupi ya maswali saba, ya ndiyo au hapana: amewahi kuambiwa na daktari ana tatizo la moyo; hupata maumivu ya kifua anapofanya kazi ya nguvu; amepata maumivu ya kifua mwezi uliopita akiwa ametulia; hupata kizunguzungu cha kupoteza mizani au huzimia; ana tatizo la mfupa au kiungo linaloweza kuzidi kwa mazoezi; anatumia dawa za presha au moyo; ana sababu nyingine yoyote anayoijua. "Ndiyo" moja maana yake aonane na mtoa huduma ya afya kabla ya kuanza. Haimaanishi amekatazwa. Hili liwekwe wazi kwenye fomu yenyewe, la sivyo watu wataficha, na wanaoficha ndio hasa tunaowatafuta.

Upimaji wa presha kwenye "siku ya afya" ya chuo mara nyingi hufanywa vibaya. Foleni imejaa, mtu kapanda ngazi mbio, anachekeshana na mwenzake, mkono unaning'inia, kipimo kinafungwa juu ya shati. Matokeo yake ni kundi la watu waliotishwa bure. Utaratibu ni huu: nusu saa kabla asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa au chai wala kufanya mazoezi, awe amekwenda haja ndogo, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, mkono mtupu juu ya meza, usawa wa moyo, asiongee. Pima mara mbili, dakika 1 hadi 2 katikati, uandike zote. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba itapanda kwa uongo, kwa hiyo muwe na saizi mbili angalau. Kwa kasi hiyo mpimaji mmoja anamaliza watu 6 au 7 kwa saa. Kama mna watu 100, hesabuni wapimaji au siku.

140/90 na zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kusema lolote. 180/120 na zaidi, arudiwe baada ya dakika chache za utulivu. Ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyo, na kama ana maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au kutoona vizuri, hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali mara moja.

Karatasi za vipimo zinabaki zahanati. Ofisi ya utumishi inapewa jumla tu, na idara yenye watu chini ya 10 haitolewi peke yake, kwa sababu ukisema "maktaba, wanne, wawili wana presha" umewataja majina. Siri ikivuja mara moja, sahau kumpima mtu chuoni hapo kwa miaka.

Mwisho: kwenye kila kipindi awepo angalau mtu mmoja anayejua kubonyeza kifua. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mtu mzima. Kama chuo kina kifaa cha kushtua moyo, kisifungiwe kwenye ofisi ambayo ufunguo wake unaondoka na mtu saa kumi jioni.

---

ChakiNyeupe

Asante dada Muuguzi. Sasa mashindano. Uongozi unapenda mashindano, na lazima tuwape kitu. La kupunguza uzito limependekezwa.

---

KibaoChaMatokeo

La uzito msiliguse. Linamlipa anayejinyima chakula na maji siku mbili kabla ya mizani, linamtenga mjamzito, anayenyonyesha, mwembamba na anayetumia dawa zinazoongeza uzito, na linamuaibisha mtu mbele ya wenzake wa ofisi. Na mazoezi yana faida hata mizani isiposogea.

La hatua linawezekana likiwa na kanuni. Kwanza sahauni hatua 10,000 kama lengo la wote. Namba hiyo ilianza kama jina la kibiashara la kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka maabara.

Kanuni ninazozitetea:

Wiki ya kwanza ni ya kupima tu, bila kushindana. Kila mtu anapata wastani wake, na lengo lake ni wastani huo na hatua 1,000 juu, wiki ya tatu 2,000 juu. Anayetoka 3,500 kwenda 5,500 anamshinda aliyekuwa na 12,000 na bado ana 12,000.

Timu za watu watano, wachanganywe idara. Alama ya timu ni siku ambazo wanachama wamefikia malengo yao, hivyo mwenye kukimbia kilomita 15 hawezi kuibeba timu nzima peke yake.

Asiyetembea kwa sababu ya ulemavu au goti ahesabiwe kwa dakika. Kwa usawa wa kanuni, dakika 1 ya mwendo wa wastani, uwe wa kiti cha magurudumu, baiskeli au kuogelea, ni hatua 100. Hili liandikwe siku ya kwanza. Likiletwa wiki ya tatu baada ya mtu kulalamika, ataonekana amependelewa.

Simu zinapishana. Ya huyu inahesabu zaidi, ya yule inalala mezani wakati mwenyewe anatembea darasani, na iliyo ndani ya mkoba inakosa nyingi kuliko ya mfukoni. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumlinganisha mtu na nafsi yake. Asibadilishe kifaa katikati.

Wiki sita zinatosha.

---

Mlumbi

Na zawadi?

---

KibaoChaMatokeo

Ndogo, na kwa bahati nasibu kati ya wote waliofikia malengo yao wiki hiyo. Weka zawadi kubwa kwa mshindi mmoja uone simu zinavyofungwa kwenye pangaboi.

---

FundiMkao

Nilikuwa nasubiri mtu aguse mazoezi ya misuli. Watu wote humu wanatembea tu. Siku mbili za kuimarisha misuli ziko kwenye mwongozo uleule alioutaja mleta uzi, na ndizo zinazosaidia mgongo wa mtu wa mezani na goti la mtu wa miaka hamsini.

Hamhitaji mashine. Darasa la mita 8 kwa 7 likisukumwa meza pembeni linabeba watu 12, ukihesabu mita 4 za mraba kwa kila mmoja. Pangeni vituo sita, watu wawili kila kituo, sekunde 40 kazi na sekunde 20 kuhama. Mzunguko mmoja ni dakika 6. Mizunguko mitatu na dakika moja ya kupumua katikati ni dakika 20, mnabakiwa na 5 katika zile 25 za kueleza na kusahihisha mkao.

Kituo cha kwanza, kukaa na kuinuka kwenye kiti. Kiti kiegemee ukuta, vinginevyo kinateleza. Goti lielekee upande wa vidole vya mguu, lisiingie ndani. Anayeona rahisi agusie tu kiti bila kukaa.

Cha pili, kusukuma ukuta kwa mikono, mwili umenyooka kama mbao. Mwenye nguvu ashuke kwenye meza nzito, kisha sakafuni. Kosa la kawaida ni kiuno kuzama.

Cha tatu, kuvuta mkanda wa mpira kuelekea mbavu. Hiki ndicho dawa ya mabega yaliyokunjamana mbele ya kompyuta, na ndicho chenye hatari. Mkanda ufungwe kwenye nguzo au nondo isiyosogea. Ukifungwa kwenye kitasa, mtu akifungua mlango unarudi usoni. Ukaguliwe kila kipindi kwa kuunyoosha kwenye mwanga. Ukiona ufa mdogo au rangi imefifia sehemu moja, utupwe. Usihifadhiwe juani.

Cha nne, kupanda na kushuka kipandio cha sentimita 15 hadi 20. Mguu wote ukanyage juu, kisigino kisining'inie. Badilisha mguu unaotangulia kila mzunguko.

Cha tano, kulala chali na kuinua nyonga, magoti yamekunjwa. Cha sita, kutembea huku umebeba uzito mikononi. Madumu mawili ya lita 5 yanatosha kuanzia, na maji ni rahisi kupunguza au kuongeza.

Mkufunzi arudie jambo moja mpaka lichoshe: toa pumzi unaposukuma au kuinuka. Anayebana pumzi anapandisha presha ghafla, na hapa ndipo fomu ya Muuguzi inapokuwa na maana.

Wiki mbili za mwanzo mizunguko miwili tu, hata wakililia tatu. Misuli isiyozoea huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, na mtu ambaye hajaambiwa hilo huamini ameumia, haji tena. Chaki, sehemu ya wale wanaopotea baada ya wiki ya kwanza inatokana na hapa. Maumivu ya msuli pande zote mbili ni ya kawaida. Ya kuchoma ndani ya kiungo, ya upande mmoja, au yenye uvimbe, asimame.

Kuhusu meza: ukingo wa juu wa skrini usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa sentimita 50 hadi 70, viwiko pembe ya 90 hivi. Kompyuta mpakato haiwezi kukidhi vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo iinuliwe na iwekewe kibodi ya pembeni. Lakini mkao mzuri kuliko wote nao unachosha ukikaa nao saa tatu. Inuka kila nusu saa hivi, hata kwa dakika moja.

Ngazi: kibao cha kuhimiza ngazi kinawekwa pembeni ya kitufe cha lifti, pale mtu anapoamua. Kikiwekwa ukutani kwenye korido ni pambo. Kabla ya kukiweka kagueni taa, reli za mkono, na kama milango ya ngazi haijafungwa kwa kufuli na walinzi. Mwenye goti bovu apande kwa ngazi ashuke kwa lifti, maana kushuka ndiko kunakolemea goti.

Njia ya kutembea: pimeni mzunguko wa mita 500 ndani ya chuo kwa kamba ya mita 50, pigeni alama ya rangi kila mita 100. Kwa kilomita 5 kwa saa, mzunguko ni dakika 6. Hapo kikao cha watu wawili au watatu kisicho na makabrasha kinafanyika katika mizunguko minne. Wakiwa wanne, wa nyuma hasikii. Na masuala ya nidhamu yasipelekwe huko.

---

ChakiNyeupe

Swali la mwisho kwa upande wangu. Mtumishi akiteguka kifundo kwenye kipindi, saa za kazi, hiyo ni ajali kazini au hapana?

---

MpangaRatiba

Inategemea sheria ya mahali na maneno ya waraka, na ndiyo maana liulizwe ofisi ya sheria na kampuni ya bima kabla ya kipindi cha kwanza, kwa barua, majibu yawekwe kwenye faili. Maswali ni manne. Kushiriki kwa hiari ndani ya saa iliyotengwa na mwajiri kunahesabiwa kazi au burudani? Je, nje ya mipaka ya chuo? Mkufunzi wa kujitolea ambaye ni mtumishi anabeba dhima gani? Wafanyakazi wa mkandarasi wanafunikwa na bima ya nani? Mpaka majibu yaje, fanyeni ya kutembea tu kwenye ule mzunguko wa mita 500. Vituo sita visubiri.